Picha za Baba Zilizotikisika

Teke la kwanza lilimmwagia maji paka wa jirani. La pili lilipeleka ndoo mpaka kwenye tuta la vitunguu la Mama, naye Mama akatoa kichwa dirishani na kuuliza kama nimechanganyikiwa sasa hivi au ningeweza kungoja mpaka niolewe. Baba hakuniruhusu nijibu. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia, kwenye matope ya mwezi wa tatu, kamera usoni, miwani inaning'inia kwenye kola ya sweta, akinipigia kelele kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu vuli: "Tena, Zorka! Jaza maji, tena! Na usinitazame mimi, tazama unakokwenda!"

Nikajaza maji. Soksi zimelowa chapachapa, vidole vya mguu wa kulia vinaniuma, majirani wamekwisha kuegemea ua na bakuli lao la mbegu za alizeti kama watu waliolipa kiingilio. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Hata siku ya harusi yenyewe haikuifikia, na mume wangu Plamen anajua kwamba nasema hivyo, ameshazoea.

Lakini nimeanza mbele mno, ngoja nirudi.

Kwetu Troyan bibi harusi hatoki nyumbani kwao hivi hivi. Mlangoni huwekwa ndoo ya shaba, ndani maji na maua, mekundu na meupe, naye huipiga teke kwa mguu wa kulia kabla ya kuvuka kizingiti. Maji yakienda mbali watu hushangilia kwamba ndoa itakwenda vizuri. Jambo lote linakwisha kabla hujapepesa macho. Na tangu nipate akili, mtu wa kulikamata jambo hilo mjini kwetu alikuwa baba yangu, Velichko mpiga picha. Wengine walipata ndoo imelala na sakafu imelowa. Baba alipata maji yakiwa bado hewani, ua moja limesimama juu ya ncha ya kiatu, na bibi harusi mdomo wazi, hajui kama acheke au alie. Wake wa mji wetu wakigombana na waume zao huitazama kwanza ile picha ukutani, ndipo wanaamua kama watafungasha virago.

Miaka hiyo yote alitumia kamera ya filamu, nzito, ya chuma, rangi imebanduka pembeni. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake, aliiweka mwenyewe kwa kuzungusha kigurudumu juu ya kamera, akisikiliza kwa vidole: tik, tik, tik, hapo. Hakuhitaji kutazama. Mimi nimekulia kwenye chumba chake cha giza, chini ya meza, nikichezea makopo matupu ya filamu. Nilizijua kasi za shata kabla sijajua siku za juma. Moja ya elfu ya sekunde inasimamisha maji. Moja ya mia mbili na hamsini inasimamisha mtoto anayekimbia. Moja ya kumi na tano haimsimamishi mtu yeyote, labda mzee aliyelala.

Kisha duka lililokuwa likimsafishia filamu za rangi likafungwa, na mimi na Plamen, tulikuwa wachumba wakati huo, tukamnunulia kamera ya dijitali siku ya kuzaliwa kwake, mwezi wa sita. Alinuna saa nzima, halafu akatoka nayo uani na hatukumwona tena mpaka chakula kilipopoa. Aliwapiga picha mbayuwayu. Alimpiga picha Mama juu ya ngazi akichuma cheri, na cheri moja ikianguka. Kila unyoya, kila kikonyo, kimetulia na kinaonekana.

"Inanitii, mwanangu," aliniambia. "Sikutegemea, lakini inanitii."

Mwezi wa kumi akaitwa kwenye ubatizo wa mjukuu wa jirani. Alirudi mchana akiwa amechangamka, akaingiza kadi ya kamera kwenye kompyuta ya studio, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikaona mabega yake yakishuka. Kasisi alikuwa na ndevu tatu. Mtoto alikuwa na pua mbili, maskini, na mama yake alionekana kama anapita mbio. Picha baada ya picha, zote zimetikisika. Baba akazima kompyuta. Siku zilizofuata akajaribu ndani ya nyumba: bakuli la matufaha, Mama akifuma, mimi nikisoma gazeti. Zilitikisika vilevile. Mwishowe akaiweka mikono yake mezani, akaitazama, akasema, "Basi. Imekwisha."

Babu yangu, baba yake, alimaliza uzee wake akilishwa kwa kijiko kwa sababu ya mikono kutetemeka. Baba ndiye aliyekuwa akimlisha. Kwa hiyo hatukuthubutu kumtania. Mama alimkokota kwa daktari, daktari akamwambia anyooshe mikono, afunge macho, aguse pua, akasema hana tatizo lolote. Baba akarudi akisema yule kijana amelelewa vizuri, hawezi kumpa mtu mzima habari mbaya usoni.

Majira ya baridi Plamen akaja na wazee wake, tukapanga harusi iwe baada ya Pasaka. Baba alilia kwa furaha, akammiminia kila mtu rakia, pombe yetu kali ya plamu, akamkumbatia Plamen mpaka kijana akakohoa. Kisha, wageni walipoondoka, akaniambia huku anakusanya bilauri, bila kunitazama:

"Nimeshaongea na Svilen wa Lovech. Atakuja kukupiga picha yeye. Kijana mzuri, ana vifaa. Na kamera yangu nitampa yeye siku hiyohiyo, kabatini itaoza bure."

Nikasema sawa. Nikaenda kuoga, nikafungua maji kwa nguvu nisisikike, nikalia mpaka yakawa baridi. Nilitaka maji yangu yapigwe picha na baba yangu. Basi. Gauni lingekuwa la kuazima, keki ingeanguka, mvua ingenyesha, yote ningevumilia. Lakini niipige teke ile ndoo mbele ya mgeni, na Baba amesimama pembeni mikono mfukoni! Roho ilikataa kabisa.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu mvua ilikuwa inanyesha, nikaingia studio kutafuta picha za utotoni za kubandika kwenye ukumbi. Kwenye kompyuta nikakutana na ile ya Mama na cheri. Nilitaka kuikuza, nikabonyeza pasipo pake, na pembeni kikafunguka kibao cha maandishi madogo. Nilikuwa karibu kukifunga. Lakini macho yakasoma yenyewe: aina ya kamera, lenzi, na chini yake, kasi ya shata, moja ya mia tano.

Nilishtuka kama nimekutana na mtu wa ukoo sokoni. Kumbe picha ilikuwa imeyabeba yote tumboni mwake! Zamani, kama Baba hakuandika nyuma ya picha, hakuna aliyejua ameipigaje. Hizi zilikuwa zinasema zenyewe, na sisi hatukuwa tumeziuliza.

Nikafungua mbayuwayu: moja ya mia tano. Nikafungua kasisi mwenye ndevu tatu: moja ya kumi na tano. Mtoto mwenye pua mbili: moja ya kumi. Bakuli la matufaha: moja ya nane. Nikaacha kukaa, nikasimama. Moja ya nane kwa mkono mtupu, na lenzi ndefu juu, hata mwenye mikono ya miaka ishirini angetikisa!

Halafu nikaipata. Siku ileile ya ubatizo, kabla ya ibada, Baba alikuwa amewapiga picha nje, kwenye ngazi za kanisa, juani. Nilikuwa nimeisahau kwa sababu hakuna aliyeitazama tena baada ya zile nyingine. Mtoto ana pua moja. Hesabu nyuzi za tarizi shingoni mwa bibi yake ukitaka. Moja ya mia mbili na hamsini. Mikono ileile, asubuhi ileile, mlango mmoja tu katikati.

Namba moja tu haikubadilika popote, tangu cheri mpaka matufaha: ISO, ile inayosema kamera iwe na njaa kiasi gani ya mwanga. Wenye filamu walikuwa wakiinunua imeandikwa kwenye kopo. Kila picha ilisema mia. Mia ni ya jua kali la kiangazi. Ukiingia nayo kanisani, kamera inabidi ifungue jicho na kungoja, na kungoja, na wewe unatetemeka hapo kama binadamu yeyote.

Nikachapisha picha mbili, nikakimbia nazo jikoni na mvua yote ile. Baba alikuwa anakula supu ya maharage, Mama anakata mkate.

"Baba, tazama hii. Sasa hii."

"Nimeziona."

"Hii ya nje imetulia. Hii ya ndani imetikisika. Asubuhi moja!"

"Nje nilibahatika."

"Baba, mikono haiwezi kupona kwenye ngazi halafu ikaugua tena mlangoni mwa kanisa!"

Mama akaacha kukata. Baba akavaa miwani, akazisogeza picha mbali na bakuli. Nikamsomea kasi za shata, moja baada ya nyingine. Alikunja uso.

"Moja ya kumi na tano? Nani aliweka moja ya kumi na tano?"

"Kamera. Wewe uliiachia ijichagulie."

"Mbona haikuniambia?"

"Ilikuambia. Imeandika chini, pale unapochungulia."

"Pale nachungulia bila miwani," akasema polepole. "Pale mimi naona sisimizi tu."

Kijiko kiko hewani, na niseme ukweli, hakikutikisika hata chembe.

"Na ISO, Baba? Mbona ni mia kila mahali? Mpaka kanisani?"

"Sasa ningefanyaje? Niliianza na mia, mwezi wa sita."

"Si ungebadilisha!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, yeye ambaye tangu nizaliwe anajua kila kitu kuhusu kazi hii. "Katikati? Nani anabadilisha katikati? Unaianza na mia, unaimaliza na mia, ndipo unaweka ya mia nne. Nilikuwa nangoja kadi ijae."

Jamani! Ile kadi ilikuwa inameza picha elfu kadhaa. Angepiga ubatizo wa mji mzima na wa mji wa pili isingejaa. Baba yangu, mtu wa heshima, alikuwa anaimaliza kadi kama filamu, kwa uaminifu, asiipoteze hata picha moja, na huku anajihesabia kuwa mgonjwa. Nilicheka mpaka nikateleza kwenye kiti. Mama alianza kucheka kwa pua, kisha akaegemea jiko, kisu kingali mkononi.

"Velichko," akasema akifuta machozi, "majira yote ya baridi nimekuwekea sala na mishumaa kwa Mtakatifu Pantaleimoni, mponya wagonjwa, na kumbe ungebonyeza kitufe!"

Baba hakucheka. Alikuwa amenuna kwa dhati, masikio yamekuwa mekundu. Alimaliza supu. Akapangusa bakuli kwa mkate. Halafu bega moja likaanza kuruka, na la pili, akafunika uso kwa leso ya meza, na kilichotoka humo ndani kilikuwa kicheko na kilio, sikuweza kuvitenganisha.

"Hebu ilete," akasema. "Ilete hiyo mashine."

Nikamwonyesha kitufe cha ISO. Nilipomwambia elfu moja na mia sita aling'aka. "Elfu moja na mia sita! Itajaa chembechembe! Hiyo ni picha au mchanga wa mtoni?"

"Heri mchanga, Baba, kuliko kasisi mwenye ndevu tatu."

"Hilo kweli," akasema, akitikisa kichwa upande huu na ule, maana kwetu mtu akikubali hutikisa hivyo.

Kisha nikabadilisha mpangilio wa kamera ili kasi ya shata aiweke mwenyewe, nikakichukua kidole gumba chake na kukilaza juu ya gurudumu dogo la mgongoni. Likazunguka. Tik, tik. Akafumba macho. Akazungusha tena, akienda juu, akirudi chini, midomo inacheza bila sauti. Nilimwona akifika alipotaka, kwa sababu alifumbua macho na kunitazama miguu.

"Mvua imekatika," akasema. "Vaa viatu. Chukua ndoo."

Ndivyo tulivyofika pale uani, mimi na soksi zangu, maana viatu sikungoja kuvivaa, paka na ghadhabu zake, Mama dirishani, majirani kwenye ua. Jua lenyewe halikuwepo, anga ni ya kijivu tupu. Nilipiga teke mpaka ndoo ya plastiki ikapasuka, ikabidi tuletewe nyingine kutoka kwa hao hao majirani, walioitoa kwa sharti kwamba tusianze tena mpaka wamerudi mahali pao. Mwishowe Baba akanyanyuka magotini, matope mpaka kidevuni, akavaa miwani, akatazama kioo kidogo cha kamera. Alitazama muda mrefu. Nikaenda nyuma yake.

Maji yalikuwa yamesimama hewani, tone moja moja, na katikati yake mguu wangu na soksi iliyotoboka kidole.

"Sina tatizo," akasema.

"Huna, Baba."

"Zorka, mwanangu, sina tatizo."

Tukashikana palepale, yeye na matope yake, na majirani wakapiga makofi ingawa hawakujua wanashangilia nini. Mama naye alikuwa ameshuka, anatufuta wote wawili kwa aproni yake kana kwamba sisi ni vyombo. Jioni ile Baba akampigia simu Svilen wa Lovech. Nilimsikia kutoka sebuleni: "Njoo, mwanangu, usiache kuja. Lakini njoo na njaa, kamera iache nyumbani."

Harusi ikafanyika. Ndoo ya shaba niliipiga teke hivi kwamba kaka mdogo wa Plamen alibadilisha shati, na Baba, amelala kwenye kizingiti na suti yake mpya, alipata kila tone. Picha hiyo iko ukutani kwetu. Nimekwisha kuitazama mara moja au mbili, kwa sababu zile zile za wake wengine wa Troyan, na mpaka leo sijafungasha.

Lakini picha ninayotaka kuisema ni nyingine. Siku ya pili baada ya harusi nilikwenda nyumbani, mabaki ya banitsa, mkate wetu wa jibini, yako mezani, nikakaa kwenye kompyuta ya studio kuziangalia zote. Zilikuwa safi, kali, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika kwenye ngoma ya usiku, tulipocheza horo kuzunguka ukumbi tumeshikana mikono, bendi inapuliza, kila mtu ana jasho. Imetikisika. Hakuna hata mtu mmoja mwenye uso. Gauni langu ni moshi mweupe, wanaume ni mistari myeusi, mikono yote imeungana kuwa kamba moja ndefu inayopita. Nikawaza, Mungu wangu, imeanza kweli.

Nikafungua kile kibao cha pembeni. Kasi ya shata: nusu sekunde.

Nusu sekunde! Kamera yoyote ingekataa kujichagulia kitu cha namna ile kwenye ukumbi wenye taa zote zile. Hiyo mtu ameizungusha mwenyewe kwa kidole gumba, amehesabu, ameitaka. Ndipo nikarudi kuitazama picha, na mara hii nikamwona Mama. Yuko katikati ya duara, kwenye kiti, amevua viatu, amejinyoosha miguu, na ngoma yote inamzunguka na kuyeyuka. Yeye ametulia. Nyusi, pete, tundu la soksi kwenye kisigino, kila kitu kinaonekana. Anamtazama Baba moja kwa moja.

Nikatoka nje. Baba alikuwa anafunga mizabibu kwenye waya.

"Baba, ile ya horo. Tumetikisika wote."

"Mimi?" akasema, bila kugeuka. "Mimi sikutikisika. Mliotikisika ni nyinyi."

Na mimi niliamini kwamba huo ndio mwisho wa hadithi, mkono umetulia nusu sekunde nzima bila kuegemea kitu, mikono ya mtu wa miaka sabini. Nikaingia jikoni kumwambia Mama. Nikamwambia kwamba kwa kasi ile ya shata, hata Baba angekuwa jiwe, yule anayepigwa picha akipumua tu picha inaharibika. Nikamuuliza alijuaje kutulia, kwenye kelele yote ile, na hakuna aliyemwambia.

Mama alikuwa anapanga sahani za kuazima, za kurudishwa kwa wenyewe.

"Nilimwona anashusha pumzi," akasema. "Nami nikaizuia yangu."

Kisha akaniuliza kama nimekula.